Pampu ya petroli ya umeme isiyopiga kelele kwa gari la zamani: ipi ununue Nairobi

Ingia duka lolote la spea Kirinyaga Road uombe pampu ya petroli ya umeme ya gari la kabureta. Swali utakaloulizwa ni moja tu: "Unataka ya bei gani, mkubwa?" Presha haitatajwa, aina ya kabureta haitatajwa, na kelele ndiyo kabisa. Utakabidhiwa kiboksi, utaambiwa hii inaingia gari zote, na jioni utakuwa kwenye foleni ya Ngong Road ukisikiliza tik-tik-tik-tik chini ya kiti cha nyuma mpaka ufike kwako.

Haya ni kwa mwenye Peugeot 404 au 504, Datsun, Beetle, Mini, Morris Minor, Escort, Land Rover Series, au gari lolote linalokunywa petroli kupitia kabureta, ambaye anataka liwake vizuri bila kusikia pampu ikifanya kazi. Nimezipanga pampu kuanzia ile ningeinunua kwanza hadi ile nisingeikubali hata nikipewa bure. Lakini orodha haina maana kabla ya kujua mambo mawili kuhusu gari lako, kwa hiyo vumilia kidogo.

Je, unaihitaji kweli?

Pampu tulivu kuliko zote ni ile iliyofungwa ubavuni mwa injini tangu kiwandani, ile inayosukumwa na kemshafti. Haili umeme, haina tik-tik, na injini ikizima nayo imezima. Ikichoka, mara nyingi kilichokufa ni diaframu, yaani ngozi ya raba inayosukuma petroli, na vali mbili ndogo. Ukipata vifaa vya kuikarabati, fundi mwangalifu anaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kama shida yako ni pampu iliyochoka tu, anza hapo, na hela ya pampu ya umeme ipeleke kwenye tairi.

Sababu za kweli za kuhamia umeme ni chache. Ya kwanza ni joto, na hapa Nairobi joto lina mshirika wake: mwinuko. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Hewa ikiwa nyepesi hivyo, petroli huchemka mapema. Pampu ya injini nayo imekaa karibu na moto, inavuta petroli kutoka tangi lililo nyuma kabisa ya gari, na kule kuvuta kunashusha presha ndani ya paipu. Petroli iliyopata moto inageuka mvuke kabla ya kufika, na pampu inabaki kutafuna hewa. Ndiyo maana gari lililokuwa sawa asubuhi linakohoa na kuzima adhuhuri ukipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, na mafundi wazee wanatoa kitambaa, wanakilowesha maji na kukifunga kwenye pampu. Kitambaa kinasaidia, si ushirikina. Ila pampu ya umeme iliyofungwa karibu na tangi inasukuma badala ya kuvuta. Paipu yote ndefu inakaa ndani ya presha, na mvuke unapungua sana.

Ya pili ni gari la Jumapili. Likikaa wiki mbili tatu, petroli iliyo kwenye bakuli la kabureta hukauka, na unapiga stata mpaka betri inalia ndipo pampu ya injini ifikishe mafuta mbele. Kwa mtu wa aina hii nina ushauri ambao wauzaji hawaupendi: acha pampu ya injini mahali pake, ongeza ndogo ya umeme nyuma, na uiwekee swichi ya kubonyeza. Bonyeza sekunde chache, bakuli lijae, achilia, washa gari. Kelele haikuhusu tena kwa sababu pampu haifanyi kazi ukiwa barabarani. Hakikisha tu ni aina inayopitisha petroli ikiwa imezimwa (zile ndogo za mraba za Facet zinapitisha), na kwamba diaframu ya pampu ya injini haijapasuka. Ikiwa imepasuka, ya umeme itasukuma petroli moja kwa moja mpaka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili unuse. Kikinuka petroli, simama hapo hapo.

Wengine waliobaki ni wale waliobadilisha injini, waliofunga kabureta mbili kubwa, au wenye magari kama Morris Minor na MGB ambayo yalitoka kiwandani na pampu ya umeme.

Presha ndiyo ya kwanza, kelele baadaye

Kabureta haitaki kusukumwa. Kabureta za SU, Solex, Stromberg na Weber za barabarani hutosheka na psi 2.5 hadi 3.5 hivi, yaani karibu bar 0.2. Ukipita 4, sindano ndogo inayofunga bakuli inaanza kushindwa. Petroli inafurika, inashuka kwenye mitungi, inaosha oili kwenye kuta zake, plagi zinakuwa nyeusi, na ukiegesha gari unanusa kituo cha mafuta. Hapa kwetu mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani tayari inatoa petroli nyingi kupita kiasi ikiletwa juu huku. Presha kubwa inamwongezea mlevi chupa.

Kwa upande wa wingi wa mafuta, watu wanaogopa bure. Injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi 95 hivi, kama ya 504, ikikanyagwa mpaka mwisho hunywa karibu lita 30 kwa saa. Morris Minor ya cc 1098 haifiki hata lita 20. Pampu ya lita 60 hadi 100 kwa saa inatosha na inabaki. Muuzaji atakusifia ile ya lita 200 kana kwamba ni ng'ombe wa maziwa. Pampu kubwa kuliko kazi yake ni kelele zaidi na umeme zaidi, na petroli inayofika kwenye kabureta ni ile ile.

Kwa hiyo andika kwenye simu yako: psi 2.5 hadi 3.5, lita 60 hadi 100, volti 12 (au 6 kama Beetle yako ni ya zamani sana na haijabadilishwa), erthi ya hasi au ya chanya (yaani ni upande gani wa betri umeunganishwa na bodi ya gari). Hilo la mwisho si dogo. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na ya mwanzo wa 1960 yalitoka na erthi ya chanya; MGB, kwa mfano, iligeuzwa kuwa ya hasi mwaka 1967. Pampu nyingi za elektroniki zikifungwa kinyume zinakufa hapo hapo.

1. Pierburg ndogo ya kuzunguka

Kama utulivu ndio unaoutafuta, hii ndiyo ningeanza nayo. Ni ya Ujerumani, ya mviringo, inashikika kwa kiganja, na inafungwa katikati ya paipu. Ndani hakuna kitu kinachoruka mbele na nyuma. Kuna mota inayozunguka. Sauti yake ni mvumo mwembamba, na gari likiwashwa mvumo huo unamezwa na injini. Kuisikia kabisa itabidi ufungue swichi bila kuwasha gari na uinamishe kichwa karibu na gurudumu la nyuma.

Kasoro zake mbili uzijue. Kwanza, kwa nje modeli zinafanana sana huku presha zikitofautiana, na nyingine inazidi kile kabureta yako inakubali. Soma namba iliyochapwa kwenye mwili wa pampu uilinganishe na karatasi ya kiwanda, usiende kwa sura. Pili, haipendi kuvuta kutoka mbali wala kukimbia kavu. Iweke chini, karibu na tangi, ikiwezekana chini ya usawa wa petroli, na uitangulizie filta. Kutu kidogo ya tangi la 1972 inatosha kuimaliza.

Bei yake si ya mchezo na nakala zake zimejaa sokoni. Nitarudi kwenye nakala.

2. Huco na Hardi

Hizi pia ni za Ujerumani na zinapiga, lakini kwa sauti nzito, ya chini, isiyokera. Ukizifunga kwenye raba nzuri zinasahaulika. Kwa Mercedes za zamani, Porsche na Volkswagen, Hardi ni jina la siku nyingi. Huco ina faida moja ambayo wenye Morris Minor wataipenda: kuna aina ya kuvuta, iliyotengenezwa kukaa mbele karibu na injini, na aina ya kusukuma, ya kukaa nyuma karibu na tangi. Kwa hiyo unaweza kuifunga mahali ilipokuwa ile ya asili bila kuchimba mashimo mapya. Ila ukichanganya, ya kusukuma ukaiweka mbele, itahangaika na kupiga kelele kuliko ile uliyoitoa.

Sijaiweka ya kwanza kwa sababu moja tu: ukiihitaji Jumamosi saa tisa alasiri, si rahisi kuikuta Nairobi. Hii ni ya kuagiza.

3. Facet ya mraba

Hii ndiyo pampu ya watu. Ya Marekani, ndogo kama kiberiti kikubwa, haina pointi (vigusano vya umeme) za kuchakaa, inakula umeme kidogo, inavumilia vumbi na mashimo, na mafundi wengi wanaijua. Ndani yake kuna plunja na springi: sumaku inavuta, springi inasukuma, mara nyingi kwa sekunde. Hiyo ndiyo tik-tik inayolalamikiwa. Paipu ikiwa tupu inapiga kwa kasi na kwa kelele. Ikijaa na presha ikapanda, inatulia.

Kwa hiyo kama Facet yako inapiga kwa kasi muda wote, usiilaumu pampu kwanza. Tafuta paipu iliyopasuka upande wa kuvuta inayoingiza hewa, filta iliyoziba, au tangi ambalo kitundu chake cha kupumua kimezibwa na rangi ya mtu aliyepulizia gari bila kufikiri.

Facet za mraba zinatoka kwa presha tofauti. Chukua ile ya chini. Muuzaji akiwa na ile inayofika psi 7 tu, hesabu na bei ya regyuleta, kifaa cha kupunguza presha, kabla hujafungua mkoba. Ikifungwa vibaya, hii ni ya sita kwenye orodha yangu. Ikifungwa vizuri inagongana na ya pili. Tofauti yote iko kwenye raba, na huko ndiko tunakokwenda baadaye.

4. SU

Kama gari lako lilizaliwa na pampu ya SU, ihamishe hadi namba moja na usinisikilize. SU ina tabia ambayo hakuna nyingine iliyo nayo hapa: inaongea na dereva. Unafungua swichi, inapiga haraka haraka, bakuli linajaa, inanyamaza. Ikinyamaza, unajua petroli imefika. Ikiendelea kupiga ilhali injini haijawashwa, kuna mahali petroli inavuja au hewa inaingia. Wenye MG wanaisikiliza hivyo na wanajua hali ya gari kabla ya kugusa stata.

Udhaifu wa zile za zamani ni pointi. Zinaungua, zinashika, na dereva anatoka na spana kuigonga pampu ili iamke. Siku hizi zinauzwa za elektroniki zenye umbo lile lile, kutoka kwa Burlen ya Uingereza, na unachagua erthi ya hasi au ya chanya. Ukienda Concours, mashindano ya magari yaliyotunzwa, pale Ngong Racecourse, hii ndiyo itakayopita mbele ya majaji bila swali.

Kwa 504 au Datsun sioni sababu ya kuitafuta.

5. Carter ya kuzunguka

Kwa injini kubwa: Land Rover ya V8, Chevrolet, Ford za Marekani. Inavuma kama pangaboi la zamani, sauti moja isiyokatika, na wapo wanaoiona afadhali kuliko tik-tik. Ni nzito, inakula umeme zaidi, inataka kukaa chini ya tangi ili petroli iteremke yenyewe, na modeli nyingi zinapita psi 4. Kwenye gari la silinda nne ni matumizi mabaya ya pesa.

6. Facet ya kichwa chekundu

Tulivu si neno lake. Ni ya mashindano, inafika psi 7 hivi, na inagonga kama fundi wa mabati. Kama unajenga Escort ya rali yenye Weber mbili na umeng'oa mazulia yote, nunua pamoja na regyuleta, hutaisikia kwa sababu husikii chochote. Kwa gari la kumpeleka mama kanisani, hapana. Naitaja kwa sababu imejaa kwenye magari yaliyonunuliwa kutoka kwa watu wa rali, na mmiliki mpya anadhani kelele ile ni ya kawaida.

7. Pampu ya Toyota ya sindano

Hii ni ya magari yasiyo na kabureta, yanayopuliziwa petroli kwa presha, na utauziwa na fundi, si na duka. "Mzee, naweka ya Toyota, ile ya ndani ya tangi, hutaisikia kabisa." Kuhusu kelele anasema kweli: pampu iliyozama ndani ya petroli ndiyo iliyo tulivu zaidi ya zote za umeme. Lakini imetengenezwa kwa psi 35 hadi 45, mara kumi ya kabureta yako na zaidi. Ili ifanye kazi lazima uwe na regyuleta ya kurudisha, paipu ya pili ya kurudi tangini, na paipu zote za presha ya juu. Ikifanywa yote hayo kwa usahihi, inakwenda. Nilivyoona ikifanywa mara nyingi ni pampu, klipu mbili na sala.

8. Zisizo na jina

Kiboksi cheupe, maandishi "12V" na "high quality", bei ya kuvutia. Nyingine ni nakala za Facet, nyingine za aina ya HEP-02A, nyingine zimeandikwa Pierburg kwa herufi zisizonyooka. Kelele yake haitabiriki, na presha nayo ndiyo hatari zaidi: mbili kutoka boksi moja zinaweza kutoa presha mbili tofauti. Kama ndiyo hela uliyo nayo, nunua geji ya presha ya psi 0 hadi 15 pamoja nayo, uipime kabla ya kuifunga.

Raba, paipu na mahali

Sehemu kubwa ya kelele unayoisikia haitoki kwenye pampu. Pampu inatikisa bati, na bati la sakafu ndilo linalopiga. Pampu ile ile ukiishika mkononi ikifanya kazi, karibu huisikii; ifunge kwa bolti mbili kwenye sakafu ya buti, na abiria wa nyuma ataulizia.

Mafundi wengi wanajua kwamba raba inahitajika, na wanaweka. Tazama wanavyoweka. Wanakata kipande cha tyubu, wanakipanga kati ya pampu na bati, kisha wanapitisha bolti ya chuma moja kwa moja na kukaza mpaka raba inabanwa kama chapati. Sasa chuma cha pampu kinaongea na chuma cha gari kupitia bolti, na raba imekaa pale kama pambo. Wengine wanatumia kipande cha tairi, ile ya kutengenezea akala. Ni ngumu mno, inapitisha mtikisiko wote.

Kinachotakiwa ni vile vipande vya raba vyenye skrubu pande mbili, ambapo skrubu ya upande mmoja haigusani na ya upande wa pili. Katikati ni raba tupu. Zinauzwa kwenye maduka ya jenereta na kompresa, kwa sababu ndizo zinazoshikilia injini ndogo. Chagua laini, si zile za jenereta kubwa. Weka mbili au nne, funga pampu kwenye kibati kidogo, na kibati kwenye raba. Usikaze kupita kiasi.

Ukishafanya hivyo, pampu imepoteza erthi. Hili linawachanganya watu kila mara: pampu iliyokuwa inafanya kazi inafungwa kwenye raba, inanyamaza kabisa, mwenye gari anafurahi sekunde tano kisha anagundua haisukumi. Vuta waya wake wa erthi, nene kiasi, kutoka kwenye mwili wa pampu hadi kwenye chuma safi kilichokwanguliwa rangi.

Chagua chuma kinene cha kufungia: chesisi, boriti ya pembeni, mahali palipokunjwa. Katikati ya bati pana pasipo na kitu nyuma yake ndipo pabaya kuliko pote. Pampu isiguse paipu ya breki wala ekzosi, na ikae mahali jiwe la barabara ya Magadi haliwezi kuifikia. Facet ya mraba ielekeze mdomo wa kutolea juu kidogo kuliko wa kuingizia, ili hewa itoke.

Paipu nazo zinabeba sauti. Ukiunganisha paipu ya chuma moja kwa moja na pampu, mtikisiko unasafiri mpaka mbele ya gari. Weka kipande cha paipu laini ya petroli, sentimita 15 hadi 20, kila upande wa pampu. Iwe ya petroli kweli, yenye alama ya SAE J30 ubavuni, ikiwezekana R9, kwa sababu inavumilia petroli ya sasa. Paipu ya uwazi inayouzwa kwa mita inapendeza siku ya kwanza. Ikipata joto inakuwa ngumu, inapasuka, na upande wa kuvuta inaanza kuingiza hewa. Pampu inayokula hewa ndiyo pampu yenye kelele.

Filta mbili: ya matundu makubwa kabla ya pampu, ya matundu madogo baada yake. Ukiweka ile ya matundu madogo kabla, unaibana pampu koo, na itakwambia kwa sauti.

Waya na usalama

Pampu ya injini inakufa injini ikifa. Ya umeme haijui kama umegongwa na matatu Thika Road na paipu imekatika. Itaendelea kumwaga petroli juu ya ekzosi mradi swichi ya kuwashia gari imewashwa. Kwa hiyo usiiunganishe na swichi moja kwa moja. Weka relei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayopata amri kupitia swichi ya presha ya oili, au relei inayosoma mapigo ya koili na kukata pampu injini ikisimama. Ongeza swichi ya mgongano, ile inayokata umeme gari likipata kishindo. Magari mengi ya Ford ya miaka ya baadaye yanayo, na kwenye maduka ya mitumba inapatikana. Fyuzi iwe karibu na betri. Kwa pampu ndogo, ya ampia 5 hadi 10 inatosha.

Ukiondoa kabisa pampu ya injini, ziba tundu lake kwa bamba na gaskiti. Oili ikianza kutoka hapo, utaikuta sakafuni.

Dukani

Nenda na kipande cha paipu yako, uone kama midomo ya pampu inaingiana: magari mengi ya aina hii yanatumia milimita 6 au 8. Angalia maandishi kwenye mwili wa pampu. Halisi huwa na namba ya modeli na volti vilivyochapwa au kugongwa. Lowesha kidole kwa petroli uyasugue, na yakifutika rudisha boksi. Ipime mkononi, kwa maana nakala nyingi ni nyepesi kwa sababu ndani waya za shaba ni chache.

Omba kuipima kabla ya kulipa, na utumie mafuta ya taa badala ya petroli, maana pale mlangoni kuna mtu anachomelea ekzosi. Chupa mbili, betri, dakika moja. Ikijaza lita moja kwa dakika, hiyo ni lita 60 kwa saa. Kisha bana paipu ya kutolea: Facet inapaswa kupunguza kasi, SU inapaswa kunyamaza. Ikiendelea na mdundo ule ule huku imezibwa, vali za ndani hazishiki.

Ukiagiza Uingereza au Ujerumani, jumlisha nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kabla ya kulinganisha na bei ya Kirinyaga Road, na kwenye oda hiyo hiyo weka raba, filta na regyuleta ya Filter King kama pampu yako inapita psi 3.5. Mzigo mmoja unakuja kwa nauli moja. Regyuleta yenyewe ifunge mbele karibu na kabureta lakini mbali na ekzosi, anza na psi 2.5, endesha gari wiki nzima pamoja na mlima mmoja wa maana, na upandishe kidogo kidogo tu kama injini inakosa mafuta ukiikanyaga.